Hakuna Makaburi Nakihungu

Matambarale, Ruangwa
3 Juni 2025

Mdogo wangu Hemedy,

Assalam aleikum. Mama anakusalimu, na ndiye aliyeniamuru nianze na salamu kabla sijakugombeza. Goti lake la kushoto linamsumbua asubuhi, ila jua likipanda anatembea. Mimi mzima. Ufuta tumeshavuna, na juzi tumeanza kupuliza salfa kwenye mikorosho. Wifi na watoto hapo Nachingwea hawajambo?

Haya, sasa nisikilize. Jumamosi nilipita Nakihungu nikitokea shamba, nikakuta miti ya msitu imepigwa X nyekundu. Nilianza kuhesabu, nikafika mia moja na arobaini, nikaacha kwa hasira. Mininga, mipingo, mpaka ule mti mkubwa wa pale njia inapoingia msituni, ambao nyinyi wanaume mkiupita mnavua kofia. Na lile bango la serikali linalosema eneo hili ni urithi, limehifadhiwa, mtu asikate wala asichimbe, wameling'oa wakalilaza kando, maandishi chini. Mtendaji wa kata anasema barabara ya kuja huko kwenu inapanuliwa, na ili malori yasihangaike na kona, itanyooshwa ipite katikati ya msitu.

Mwaka juzi jirani yetu Jamali alikamatwa kwa kukata mti mmoja wa mpini wa jembe. Mpini, Hemedy! Akasomeshwa kutwa nzima kwamba msitu ule ni mali ya taifa. Leo taifa limechoka na mali yake?

Wewe ndiye afisa jamii wa hao washauri wa mradi. Mimi ndiye katibu wa kamati ya msitu. Tumepewa mpaka tarehe 16 Julai kupeleka pingamizi kwa maandishi, nami nitaliandika. Ninachotaka kwako ni ripoti waliyoandika kuhusu Nakihungu. Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu unasema "ndiyo dada, ndiyo dada" kisha mtandao unakatika. Barua nimempa Rahimu wa bodaboda. Jibu mpe yeye.

Dada yako,
Mwanaima


Nachingwea
11 Juni 2025

Dada Mwanaima,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpelekee Mama. Huku sote wazima, vumbi tu ndilo linalotukohoza. Nimemnunulia Mama dawa ya kuchua goti, Rahimu anayo mfukoni.

Katibu wetu, nimekusoma na moto wako nimeusikia mpaka huku. Lakini tuiangalie hii barabara kwa utulivu. Wewe mwenyewe unajua mjamzito akishikwa na uchungu Matambarale masika anafikaje hospitali. Unajua korosho zinavyolala njiani lori likikwama. Barabara hii tumeililia tangu tukiwa wadogo, na sasa inakuja tunaikalia matanga.

Ripoti siwezi kukutumia, haijaruhusiwa kutoka. Ninachoweza kukwambia ni kwamba wataalamu walipita, wakaona eneo lile ni kichaka kilichopungua thamani. Hakuna makazi, hakuna makaburi, hakuna shughuli za kimila zinazoendelea. Na ni kweli, vijana siku hizi wanatahiriwa hospitali, nani anakaa jandoni kumbini tena? Pingamizi lisilo na ushahidi litawekwa kwenye faili na faili litawekwa kabatini. Usijichoshe, dada. Wala usiwapandishe watu munkari kijijini, maana na mimi hapa nakula kwa kazi hii.

Wifi yako anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Hemedy


Matambarale
20 Juni 2025

Hemedy,

Mama hajambo, dawa imemfaa. Hizo ndizo salamu.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikimtafuta mdogo wangu humo, nikamkuta afisa. Eti "kichaka kilichopungua thamani." Nani alikipunguza? Barabara naitaka kuliko wewe, maana anayekanyaga tope ni mimi. Waipanue. Waipanue hapo hapo ilipo, kona ibaki, malori yapunguze mwendo. Nani alikufa kwa kupunguza mwendo?

Na hilo la makaburi ndilo limeninyima usingizi. Hakuna makaburi! Saburi amelala wapi? Ngoja nikukumbushe, maana naona kiyoyozi cha ofisi kimekupoza mpaka kumbukumbu. Mwaka 1992 mliingia jandoni nyinyi wawili, kaka yako Saburi akiwa na miaka kumi na moja, wewe tisa. Kila siku Mama alipika mabakuli mawili, na mimi ndiye niliyeyabeba mpaka pale njia inapoingia msituni. Nayaweka chini, napiga kofi, naondoka bila kugeuka, kwa sababu kumbini mwanamke haingii. Siku ya kutoka, akina mama walijipanga na khanga mpya kuwapokea wanao. Ukatoka wewe. Nyuma yako akaja Mjomba Abdulatifu ameshika bakuli la Saburi limevunjwa katikati, akaliweka miguuni kwa Mama. Hakusema neno, ndivyo desturi inavyotaka. Mama akakatazwa kulia mpaka ngoma za wenzake ziishe. Mtoto alikuwa ameshazikwa humo humo msituni, na miaka thelathini na tatu hii Mama hajaliona kaburi lake.

Nimemwendea Mjomba. Nikakaa chini, nikamuuliza kwa adabu zote: mlipoulizwa, ilikuwaje mkasema hakuna makaburi? Akanijibu hivi: "Walikuja watu na viatu vyao, na binti ameshika kishikwambi. Wanauliza, mzee, humu mna makaburi? Mwanangu, mbele ya binti wa watu mimi ningesema nini? Waliofia kumbini hawatajwi mbele ya mwanamke. Nikasema hakuna."

Kila mwanaume wa hapa angejibu vivyo hivyo, na kila mwanaume wa hapa angejua maana yake. Nikamuuliza tena, hivi hao wageni hawakuwa na mtu wa kwetu wa kuwafahamisha? Mjomba akainama kutafuta fimbo yake, nayo ilikuwa mkononi mwake.

Nani alikuwepo, Hemedy?

Dada yako,
Mwanaima


Matambarale
9 Julai 2025

Hemedy,

Salamu leo sina.

Nimekusubiri siku kumi na tisa. Jana nimekwenda ofisi ya kata, nikakaa kwenye benchi mpaka mtendaji akaona aibu akanifungulia ripoti. Ukurasa wa sitini na mbili, fomu ya makaburi. Idadi: hakuna. Chini yake, shahidi wa jamii na mkalimani, jina lako, na sahihi yako ile ile uliyoanza kujifunzia nyuma ya madaftari yangu.

Ulikuwa umesimama pale. Mjomba alisema "hakuna" akiwa anakutazama wewe, kwa sababu wewe umepita kumbi ile na ulijua anachokikwepa. Alikuachia wewe useme kwa namna yenu wanaume. Nawe ukachukua heshima ya mzee wa watu, ukaigeuza ushahidi, ukapiga sahihi. Kisha unaniandikia mimi "wataalamu walipita"! Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi niliyekubeba mgongoni!

Wageni siwalaumu, hawajui. Wewe ulijua. Umemzika Saburi mara ya pili, na safari hii umemzikia chini ya lami.

Mama bado hajui. Zimebaki siku saba.

Mwanaima


Nachingwea
11 Julai 2025

Dada,

Sina uso wa kukupa shikamoo, lakini naitoa. Natumaini Mama ameamka salama.

Ni kweli yote. Mjomba alisema hakuna, akanitazama. Ilikuwa nimvute mhandisi pembeni nimwambie, mzee amekataa kutaja, haina maana kwamba hakuna kitu. Maneno yasiyozidi kumi. Badala yake nikaandika alichosema. Nikajiambia nakilinda kiapo cha kumbi. Lakini kiapo kinanikataza kutaja, hakikunilazimisha kusaini. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na bosi alishatuambia anataka fomu nyepesi. Nilijificha nyuma ya kiapo, kama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia na miguu yote inaonekana.

Kuna jingine ambalo sijamwambia mtu, hata wifi yako. Saburi alishikwa homa usiku mmoja, kesho yake akafariki. Walimswalia wakamzika. Zikabaki siku kumi na tisa za kumbi, na Mama hakutakiwa kujua, kwa hiyo bakuli la Saburi liliendelea kuja. Wakanipa mimi. Nilikula langu, nikala na lake, siku zote kumi na tisa. Nilikuwa na njaa ya kitoto, dada. Nilikuwa nalimaliza.

Ndiyo maana msitu ule nimeukimbia maisha yangu yote. Siku walipopiga X ya kwanza nilijisikia nafuu. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi kuliko pale kwenye sahihi.

Usimwambie Mama, nakuomba. Kuhusu pingamizi, nipe muda. Nikisema sasa, kazi sina, na kwa Mjomba siingii tena. Huenda makaburi yakionekana wakati wa kuchimba watasimama wenyewe.

Mdogo wako,
Hemedy


Matambarale
13 Julai 2025

Hemedy,

Waaleikum salaam. Wazima sote.

Nimemwambia Mama. Umeniomba nisimwambie, nami nimechoshwa na familia hii ya kufichana. Nilimsomea barua yako yote akiwa barazani anasuka ukili. Hakuacha kusuka. Nilipofika pale kwenye bakuli nilishindwa kuendelea, akaniambia, "Soma. Hilo nalijua."

Nikauliza, unalijua vipi? Maneno yake nakuandikia kama alivyoyasema:

"Saburi mbaazi alikuwa hali. Ukimpa mbaazi atakula ugali mtupu. Siku moja nyumbani hakukuwa na kitu, nikapeleka mbaazi. Bakuli lake likarudi limerambwa. Nikasema, labda mdogo wake kamsaidia. Kesho nikapeleka mbaazi makusudi. Likarudi limerambwa. Ya tatu, hivyo hivyo. Mtoto yule ninavyomjua, siku tatu za mbaazi asitume mtu aje kunilalamikia? Nikajua sina mtoto."

Nikamwambia, Mama, na bado ukaendelea kupika mabakuli mawili? Akaniangalia kama mimi ndiye mjinga. "Si alikuwepo mwingine anakula?"

Hizo siku kumi na tisa unazozibeba, mdogo wangu, alikulisha wewe, na alijua anakulisha wewe. Hilo litue. Lakini usidhani hasira zimeniisha, maana za Mama nazo hazijaisha. Alipoweka ukili chini alisema hivi: "Mimi nilimzaa, nikaambiwa usikanyage, nikatii. Shambani nazunguka njia ya mbali nisije nikakanyaga. Leo greda linaambiwa pita?"

Na wewe unaniandikia wasubiri kuchimba! Unataka mfupa wa kaka yako utolewe na kijiko cha mashine ndipo mseme samahani? Muda gani nikupe? Huo wa tangu 1992 haujakutosha?

Pingamizi langu liko tayari, nimempa Rahimu akuletee, lakini mimi ni mwanamke, kwenye kumbi ile sikuwepo. Watasema hadithi za kina mama. Sahihi iliyosema hakuna ni yako. Ifute wewe.

Dada yako,
Mwanaima


Nachingwea
16 Julai 2025

Dada Mwanaima,

Shikamoo. Naandika haraka, Rahimu ameshawasha pikipiki.

Nimepeleka saa nne asubuhi, wakagonga muhuri. Nimeandika kwamba fomu ile niliisaini nikijua si kweli, kwamba msitu wa Nakihungu una makaburi ya watoto waliofia jandoni, na moja ni la kaka yangu Saburi, nilikuwepo akizikwa. Pingamizi lako nimeliambatanisha juu.

Bosi ameniambia nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Mjomba amenipigia simu. Hakunitukana, amesema tu nisikanyage kwake, basi. Amesikia haraka kuliko nilivyotembea.

Tarehe 2 Agosti watakuja kuhakiki, na mimi nimekatazwa kuandamana nao. Kwa hiyo shika hili, na mwenye kuniapisha anisamehe. Kutoka ule mti mkubwa, hatua hamsini kuelekea jua linapozama, kuna mipingo mitatu imesongamana. Chini yake mawe mawili. Ndiye yeye. Mengine ayajuaye ni Mjomba peke yake.

Mdogo wako,
Hemedy


Matambarale
3 Agosti 2025

Mdogo wangu Hemedy,

Assalam aleikum warahmatullah. Safari hii salamu natoa kwa moyo. Mama mzima, mimi mzima, mbaazi zimekauka tunaanza kuvuna, na wifi mwambie ukindu aliouomba nimempatia.

Walikuja jana. Mhandisi, yule binti wa kishikwambi, na mtendaji. Mjomba alikuwa ameshatangulia, ameweka kigoda chake pale njia inapoingia msituni, amekaa kama mlinzi wa benki. Mhandisi akamsalimia vizuri, akamuuliza, mzee, tumeletewa barua, je humu mna makaburi? Mjomba akamtazama binti. Akatutazama wanawake tuliokuja. Akasema, "Hakuna."

Hemedy, nilitamani ardhi ipasuke. Mhandisi akafunga faili, tena naapa nilimwona anataka kutabasamu. Miezi miwili ya kalamu yangu, kazi yako, yote mzee mmoja anaizima kwa neno moja, kwa adabu!

Mama akainuka. Akajifunga khanga kiunoni, akaanza kutembea kuelekea msituni, na lile goti lake. Mjomba akapaza sauti, "Mwamina! Humo mwanamke haingii!"

Mama akageuka. "Kaka, greda ni mwanaume?"

Watu wakamgeukia Mjomba.

"Nakuuliza wewe, kaka yangu. Greda ni mwanaume? Liliingia kumbi ya mwaka gani? Nani alikuwa somo wake?" Binti wa kishikwambi akajiziba mdomo. Mama wala hakucheka. "Mimi nimekutii mpaka nimezeeka. Hilo litakalokuja halitakutii hata siku moja. Wewe kaa ulinde mlango, nyumba inabomolewa nyuma yako."

Mjomba akasimama, akavua makubadhi, akatangulia. Hakusema tumfuate na hakusema tusimfuate. Mhandisi alipoona kila mtu anavua viatu, akavua na vyake, soksi akabaki nazo.

Ni makaburi saba. Mjomba alikuwa anafika, anasimama, anataja jina la mtoto, jina la baba yake, na mwaka wa kumbi. Majina hayo hajawahi kuyatoa mdomoni mbele ya mtu wa nje. Binti anaandika, anafuta machozi, anaandika. La saba ni la mwaka 1992.

Mama alikaa chini ya mipingo, akayashika mawe, jiwe hili na lile. Nilidhani atalia. Aligeuka akaangalia tulikotoka, na ule mti mkubwa ulikuwa unaonekana pale pale, kama unavyoona choo ukiwa jikoni. Akasema, "Kumbe ni karibu hivi."

Hatua hamsini, Hemedy. Mimi nilikuwa nayaweka mabakuli hapo tu, na Mama amezunguka njia ya mbali miaka thelathini na tatu. Nililia mimi, na ilikuwa hasira zaidi ya huzuni. Nimeikasirikia barabara, nimeikasirikia kumbi, nimekukasirikia wewe na Mjomba kwa pamoja, kisha nikaitikia dua.

Mhandisi amesema atapeleka taarifa tusubiri. X bado ziko kwenye miti. Mjomba kaniambia nikuandikie hivi: "Kiapo amekivunja, na mimi nimekivunja. Aje." Usipokuja nitakufuata mwenyewe.

Dada yako,
Mwanaima


Nachingwea
28 Agosti 2025

Dada Mwanaima,

Shikamoo, na Mama mwambie shikamoo yake nakuja kuitoa mwenyewe kesho, na Mjomba pia. Wifi yako na watoto tunakuja nao. Hawajawahi kujua kama walikuwa na baba mkubwa.

Leo niliitwa ofisini nikapewa barua mbili. Ya kwanza ni nakala ya majibu ya pingamizi lako. Barabara itapanuliwa huku na huko, ila kipande cha Nakihungu kitabaki kilipo, na kona yake. Msitu hautaguswa, X zifutwe, bango lirudishwe. Wameandika "baada ya taarifa mpya kupatikana," utadhani makaburi yaliota mwezi uliopita.

Ya pili ni ya kunifukuza kazi. Sababu ni mstari mmoja tu: alitoa taarifa ya uongo kuhusu makaburi. Fomu ile ilipita mikononi mwa watu wanne walio juu yangu na wote walisaini. Yule aliyetaka fomu nyepesi ndiye aliyesaini na hii ya kunitoa. Hao wanabaki na viti vyao, barua ya kufukuza inamtaja mkalimani peke yake.

Najua hapo ulipo umeshaanza kutafuta kalamu, dada. Iache. Walinipa karatasi nijaze kama nakubali au napinga, na nafasi ya mistari kumi ya kujieleza. Niliusoma tena ule mstari wao mmoja. Nikaandika: sina pingamizi.

Mdogo wako,
Hemedy